Ebrahim Hussein na neno lililomzidi aliyelisema

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma fasihi ya Kiswahili chuoni, ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nimesoma *Kinjeketile* na *Mashetani* za Ebrahim Hussein. *Kinjeketile* niliipenda tangu sekondari. *Mashetani* nimeirudia mara tatu na bado naona giza. Mhadhiri wetu anasema Hussein alianza vizuri, kisha akaenda Ujerumani akaiga Wazungu, akawa mgumu, na wasomaji wakamwacha. Wenzangu wanakubali. Mimi roho inakataa ila sina hoja. Je, ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Roho yako ina haki ya kukataa, na hoja zipo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hukumu hiyo nimeisikia kwa miaka mingi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na kila nikiisikia naona tunamwonea mwandishi aliyetupa tamthiliya nzito kuliko nyingi tulizo nazo katika lugha hii. Kwa maoni yangu si Hussein aliyewaacha wasomaji. Sisi tulimpokea mlango mmoja tu, mlango wa mtihani, na kazi zake ambazo hazikupita hapo tukaziita ngumu.

Tuanze na miaka, maana hadithi ya Ujerumani inakwama hapo hapo. Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, akasomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. *Wakati Ukuta* na *Alikiona* ni za mwanzo kabisa. *Kinjeketile* ilitoka 1969, na *Mashetani* 1971. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin ya Mashariki, ikihusu maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki, ni ya katikati ya miaka ya 1970. *Mashetani* ilikuwa imeshachapishwa na inasomwa kabla tasnifu hiyo haijakamilika. Sasa tazama alichokileta baada ya Berlin. Mwaka 1976 alitoa *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi* katika kitabu kimoja, na humo hakuna sebule, hakuna pazia, hakuna watu watano wanaojibizana kuzunguka meza. Mna sauti ya msimulizi anayesimama mbele ya watu na kutamba, kama watu wazima walivyotutambia ngano jioni. Kama Ulaya ilimfundisha kitu, ilimrudisha kwenye ngano.

Ukitaka kuona Hussein aliye karibu zaidi na tamthiliya ya Kizungu kwa umbo, msome wa mwanzo, yule ambaye hakuna anayemlalamikia. *Wakati Ukuta* ni mchezo wa ndani ya nyumba: binti anayetaka mambo ya kisasa, mzazi anayeshikilia ya zamani, ugomvi, ndoa ya haraka, majuto. Matukio yanafuatana kama shanga kwenye uzi, na ukuta wa nne, ule usioonekana unaowatenga wachezaji na watazamaji, umesimama imara. Tunauona mwepesi kwa sababu shule zetu zilitulea na michezo ya umbo hilo hilo. Alipoanza kulivunja ndipo tukasema anaiga. Ndiyo maana naona neno "kuiga" tumelitumia kinyume.

Sikatai kwamba alimsoma Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthiliya wa Kijerumani. Alama zipo, na si aibu. Lakini weka kazi mbili ubavuni uone. Galileo wa Brecht, yule mwanasayansi, anaujua ukweli, na akitishwa anaukana. Kinjeketile wa Hussein anatakiwa na ofisa wa Kijerumani akane jambo ambalo yeye mwenyewe ameshalitilia shaka, kwamba maji ya dawa aliyowapa wapiganaji yanageuza risasi kuwa maji, na anakataa kulikana. Huyo mwandishi amesoma na kuelewa, kisha akaligeuza swali liwakabili watu wake. Anayeiga hafanyi hivyo.

Hapa lazima nikae kidogo na *Kinjeketile*, kwa sababu unaipenda, na nina wasiwasi kwamba unapenda nusu yake. Wala si kosa lako. Nusu hiyo ndiyo iliyofundishwa.

Mchezo ulitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mwaka mmoja kabla yake, 1968, wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa vijijini kusini wakikusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Taifa changa lilikuwa linatafuta mizizi yake, na hapo akasimama Kinjeketile, mtu wa Ngarambe aliyewaunganisha Wamatumbi, Warufiji, Wazaramo na wengine dhidi ya Mjerumani na pamba yake ya lazima. Ikawa rahisi mno kwa darasa kuandika ubaoni: dhamira kuu, umoja katika kupigania uhuru. Na dhamira hiyo imo, hakuna ubishi. Wahusika wanaanza kwa kushukiana kabila kwa kabila, na neno la Kinjeketile linawaweka pamoja.

Lakini soma dibaji. Hussein anakuonya mapema kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Kwa nini aonye? Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinashika moto. Hakuona mapigano ya Mahenge, hakuona mashamba na maghala yakichomwa, hakuona njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Hussein amemwacha hai. Amemweka kifungoni, vita vimeshindwa, waliomwamini wamelala maporini, na amemfanya akae na matokeo ya neno lake. Shujaa wa taifa angetosha kufa Agosti. Hussein alikuwa na haja ya mtu aliyebaki.

Halafu kuna sentensi ambayo nimeona walimu wengi wakiipita kama wanaruka dimbwi. Akiwa amepagawa, Kinjeketile anatoa ujumbe wa Hongo, pepo aliyempanda, na ndani ya ujumbe huo mna ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanashangilia maji, hiyo hawaisikii. Yeye mwenyewe akizindukana anaisikia, na inamvunja. Kumtoa Mjerumani ili uwe mtoto wa Sultani ni uhuru gani? Kumbuka mwaka: 1969, miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwandishi wa Kilwa, mji ambao Masultani, Wareno na Wajerumani wote wamepita mgongoni mwake, anaweka sentensi hiyo katikati ya mchezo wa ukombozi. Anauliza kama neno linalokuahidi uhuru halina bwana mwingine amejificha ndani yake. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, swali hilo halikuwa la kistaarabu kuuliza mbele za watu. Yeye aliliuliza kwenye jukwaa, na sisi tukaandika "umoja" tukapata alama zetu.

Kisha linakuja lile analolisema Kinjeketile mwenyewe juu ya neno: kwamba mtu huzaa neno, neno likakua, likawa kubwa kuliko aliyelizaa, mwisho likamshinda. Ukiniuliza Hussein ana jambo gani moja analolizunguka maisha yake yote, nitakwambia ni hili. Nani mwenye neno likishatoka mdomoni? Kinjeketile anataka kuchelewesha vita, Kitunda, mwenzake, anataka watu wafunzwe kwanza, na hakuna anayewasikiliza tena, kwa sababu watu wanalo neno, hawamhitaji msemaji. Mwishoni anapokataa kuyakana maji, hakatai kwa sababu ya maji. Anajua kwamba akisema yalikuwa uongo, Mjerumani atawaambia watoto wetu kwamba hata kupigana kulikuwa kosa. Kwa hiyo anakufa akilinda neno ambalo yeye haliamini tena, kwa ajili ya watu watakaolihitaji baadaye. Hiyo ni picha ya kutisha, na ni nzuri mno. Mimi nimeifundisha mara nyingi na bado sijui kama nimfurahie au nimlilie.

Sasa *Mashetani*. Umesema giza. Ngoja nikusimulie kidogo.

Miaka fulani nyuma nilikuwa na darasa lililosoma mchezo huu kimya kimya, kila mtu na nakala yake, kalamu mkononi. Nikauliza Shetani ni nani. Mikono yote juu: mkoloni. Binadamu? Mwafrika. Mbuyu? Afrika. Ikawa kama tunajaza fomu. Wakamaliza, wakafunga vitabu, na nyusoni hakuna aliyekuwa ameguswa. Siku iliyofuata nikawaambia vitabu vyote chini isipokuwa viwili. Vijana wawili wakasimama, mmoja Shetani, mmoja Binadamu, na wa tatu nikampa ngoma ndogo akae pembeni. Wakasoma lile onyesho la mwanzo, la chini ya mbuyu, kwa sauti, polepole, ngoma ikifuata pumzi zao. Walipofika mahali Binadamu anapomuua Shetani na kujiona ameshinda, binti mmoja wa nyuma, mtu wa mwambao, akasema kwa sauti bila kuomba ruhusa: "Lakini shetani hauawi. Shetani anaulizwa jina."

Darasa zima likageuka kumtazama, na mimi nikakaa chini, maana alikuwa ametupa ufunguo.

Sisi tunaosoma kitabu hicho kwa kichwa cha dini ya shule tunaona "shetani" tunamwona Ibilisi. Hussein ni mtu wa pwani, na kwa pwani shetani ni pepo pia, yule anayempanda mtu kichwani. Mtu aliyepandwa huitwa kiti chake. Mganga hapambani naye kwa kisu. Hufukiza uvumba, ngoma zikapigwa, akamwuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo akitaja jina na haja yake, watu hupatana naye. Asiyeulizwa jina habanduki, hubadili tu mahali pa kukaa. Rudi sasa kwenye onyesho la mwanzo ukiwa na hayo. Binadamu ameua na kushangilia, na hakuuliza kitu. Tangu hapo mchezo mzima unakuwa wa watu waliopandwa bila kujua wamepandwa na nani.

Ndipo utaona kwa nini anayecheza Binadamu ni Kitaru na anayecheza Shetani ni Juma. Ni marafiki wawili, wasomi wote wawili, katika Dar es Salaam ya baada ya Uhuru. Ukoo wa Juma ulikuwa juu zamani na sasa umeporomoka, na bibi yake bado anaishi katika enzi iliyokwisha. Ukoo wa Kitaru ndio unaopanda, una pesa mpya, una nyumba na gari na haya ya mtu asiyezoea. Mkoloni ameondoka, ameshindwa, ameuawa kama unavyotaka kusema. Na bado Kitaru anaugua ugonjwa ambao kidonge hakiuponyi. Mwenye kupanda anaumwa, na mwenye kushuka anaumwa namna nyingine, na urafiki wao hauwezi kuubeba uzito huo. Tazama jina la mchezo, lina wingi. Ukisema "Shetani ni mkoloni" umemtaja mmoja ukaacha wengine wote wakicheka vichwani: tamaa ya mali, kinyongo cha waliopoteza, kumbukumbu ya utwana na ubwana, aibu.

Kwa hiyo giza unaloliona limo ndani ya mchezo wenyewe. Kitaru naye analiona. Mwandishi amekuweka mahali pa mgonjwa. Tulichozoea shuleni ni mwandishi atuweke mahali pa daktari, tumtazame mgonjwa kutoka juu na kumwandikia dawa kwenye karatasi ya majibu. *Mashetani* haikupi kiti hicho.

*Ngao ya Jadi* inaendeleza habari hiyo hiyo kwa njia fupi zaidi. Mna joka, Sesota, na mna watu wanaosherehekea kwamba limekufa. Sitakuharibia. Nitasema tu kwamba ilipotoka watu hawakujua waiweke rafu gani. Ni shairi au ni mchezo? Hapo kumbuka kwamba miaka hiyo ya 1970 ilikuwa ya ugomvi mkali wa mashairi. Wapo walioona utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili, na Hussein alikuwa ameshaandika kwa mtindo huru tangu ujanani, likiwemo shairi lake la "Ngoma na Vailini", la mtu anayevutwa na milio miwili asiweze kuuacha hata mmoja. Kwa wanamapokeo alikuwa mwasi. Kwa wanaharakati wa Ujamaa hakuwa na nyimbo za kutosha za kusifu. Alikosa mwenyeji pande zote mbili, na nadhani hilo liliathiri mapokezi yake kuliko ugumu wowote wa lugha. Lugha yake, ukiisikiliza, ni nyepesi. Sentensi ni fupi na maneno ni ya nyumbani. Uzito umo katika yanayoachwa bila kusemwa.

*Arusi*, ya 1980, naipita haraka. Ni mchezo wa watu waliokuwa na matumaini na Ujamaa na sasa wanaangalia kilichobaki. Mahali pengine wahusika wanabeba mawazo kuliko miili, na nikiusoma nasikia mwandishi akihangaika na umbo. Upo ujasiri ndani yake, hasa kwa wakati ule, lakini sio ninaourudia.

Ninaourudia ni *Kwenye Ukingo wa Thim*, wa 1988, na kama kuna kazi yake iliyodhulumiwa na wapokeaji, ni hii. Chimbuko lake linajulikana. Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Nairobi wakili S. M. Otieno, Mjaluo. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao, Siaya. Kesi ikaenda miezi mitano, maiti ikiwa mochwari na nchi nzima ikisoma magazeti kila asubuhi. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Mwaka mmoja baadaye Hussein alikuwa na tamthiliya mkononi.

Mwandishi mwingine angeandika sheria dhidi ya mila, akaegemea upande mmoja tukampigia makofi. Hussein amechukua neno la Kijaluo, *thim*, nyika, pori, mahali pasipolimwa na pasipokaliwa, akatuweka ukingoni pake. Mjane ana sheria, ana elimu, ana ndoa yake ya miaka mingi, na anadhani hivyo vinatosha. Wazee wana mila. Lakini sikiliza mila hiyo inavyotamkwa na inavyotumiwa. Hapo utalikuta tena lile neno la Ngarambe, neno kubwa kuliko wanaolisema, ambalo kila mmoja analivaa kwa haja yake, mwingine kwa imani, mwingine kwa urithi, mwingine kwa siasa za kabila. Hata aliyelitamka kwa nia safi hawezi kulirudisha. Mchezo hauishii pazuri, na haumpi mtazamaji upande wa kulala usingizi.

Mtanzania akiusoma husema ni habari ya Kenya. Nimesikia Wakenya wakisema ni kesi ya zamani. Wote wanaukimbia, wakati kila mwaka kuna msiba mahali fulani ambapo ndugu na mjane wanavutana juu ya jeneza. Ni mchezo wa juzi na wa kesho kutwa.

Nisikufiche palipo na upungufu, usije ukaenda kubishana na mhadhiri wako ukiwa na sifa tupu. Wanawake wa Hussein, kwa sehemu kubwa, wanasubiri. Katika *Kinjeketile* wanawake ndio wanaofungua mchezo, wanazungumza njaa na wanaume waliopelekwa shambani kwa nguvu, na ni onyesho zuri sana, halafu mchezo unawaacha na kwenda na wanaume. Binti wa Kitunda anadhulumiwa ili tuone hasira ya baba. Miaka hiyo hiyo Penina Muhando alikuwa anaandika, na ukisoma *Nguzo Mama* ya 1982 utaona mwanamke anaweza kuwa kiini cha mchezo. Hussein alifika huko na yule mjane wa Thim, amechelewa. Jambo la pili ni kicheko. *Alikiona* inaonyesha alikuwa na kipaji cha kichekesho cha ndoa na fitina, na baada ya hapo akakiweka kando karibu kabisa. Hadhira yetu hupenda kucheka hata msibani. Ukimnyima kicheko kwa saa nzima anakuheshimu, lakini tiketi ya pili hanunui. Hapo mhadhiri wako akisema wasomaji walichoka, ana chembe ya ukweli.

Lakini neno "walimwacha" bado silikubali. *Kinjeketile* imesomwa na vizazi vya wanafunzi Tanzania na Kenya, na Hussein mwenyewe aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1970. Mwandishi wa namna hiyo hajaachwa, ameshikwa kwa mkono mmoja tu. Tumemshika kama kitabu. Je, wewe umeona *Mashetani* jukwaani hata mara moja? Wanafunzi wangu wengi huniambia hapana, tena wao wanasomea fasihi. Tamthiliya ambayo haichezwi inafanana na shairi ambalo halijasomwa kwa sauti. Kila kitu kimo, isipokuwa pumzi. Uchambuzi wa kina wa maisha na kazi zake uliojulikana zaidi uliandikwa na Mfaransa, Alain Ricard, ukachapishwa kwa Kifaransa mwaka 1998 kabla ya kutoka kwa Kiingereza. Sina neno baya na Ricard, alifanya kazi kwa mapenzi. Ninachouliza ni sisi tulikuwa wapi, na Kiswahili chetu, tukimwandikia majibu ya nusu ukurasa.

Baada ya *Thim* hakutoa tena tamthiliya kubwa. Watu wametunga sababu nyingi za kimya hicho, na mimi sitaongeza ya kwangu. Kimya cha mtu ni mali yake. Tangu 2014 jina lake limebebwa na Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyotokana na wasia wa mtengenezaji filamu wa Kanada, Gerald Belkin, na inawasaidia washairi chipukizi kuonekana. Naifurahia sana. Lakini wapo vijana leo wanaolijua jina hilo kama jina la tuzo ya mashairi, na hawajui kwamba mwenyewe ni mtu wa jukwaa. Neno limemzidi aliyelisema, kama alivyotuambia.

Sasa wewe fanya hivi. Usirudie *Mashetani* mara ya nne peke yako kitandani. Tafuta wenzako watatu, hata wale wanaokubaliana na mhadhiri, hasa wao. Anzeni na lile onyesho la wanawake la *Kinjeketile*, lisomwe kwa sauti na wawili tu, wengine wafumbe macho. Msiharakishe. Pale penye kimya, kaeni kimya kweli, hesabuni mpaka tano. Njaa iko kwenye kimya hicho, haiko kwenye maneno. Mkishazoea sauti zenu, ndipo mwende chini ya mbuyu. Tafuteni ngoma, na ikikosekana meza inatosha. Onyesho la Shetani na Binadamu lisomwe mara mbili, na mara ya pili wabadilishane, aliyekuwa Binadamu awe Shetani. Asiwepo wa kuandika chochote. Mkimaliza, kabla hamjajadili dhamira, kila mmoja amwulize aliyecheza Shetani maswali yale matatu ya mganga, naye ajibu akiwa bado ndani ya uhusika.

Halafu niandikie alitaja jina gani.